Ulinzi wa Berlin uliniadhibu kabla ya kunisaidia

Katika chesi, niliingia Ulinzi wa Berlin, njia ya mweusi ya kuanza mchezo, kwa kuiga wakubwa. Mwaka 2000, jijini London, Vladimir Kramnik aliutumia mara nne mbele ya Garry Kasparov, na zote nne zikaishia sare. Kasparov hakushinda hata mchezo mmoja katika pambano lile, akavuliwa ubingwa wa dunia. Nikajiambia, ukuta uliomshinda Kasparov nani ataubomoa? Waliubomoa watu ambao siku zote nawafunga.

Njia yenyewe inajulikana (herufi na namba ni viwanja vya ubao): e4, e5, farasi f3, farasi c6, askofu b5, kisha mweusi anatoa farasi f6. Mweupe anamficha mfalme pembeni, farasi huyo wa mweusi anakula askari wa e4, na hatua chache baadaye malkia wote wawili wameliwa pale d8. Mfalme mweusi kabaki katikati, hawezi tena kujificha, na askari wake wawili wamefuatana kwenye safu ya c. Ukitazama harakaharaka utasema kaharibikiwa. Alichonacho ni maaskofu wawili, na amani ya kutokuwa na malkia wa kumkimbiza.

Mimi nilidhani malkia wakishatoka, kazi ni kupunguza kete hadi sare. Kuna mchezo nilibadilishana askofu, nikabadilishana ngome, kisha ngome ya pili, kila mara nikitabasamu. Tukabaki na wafalme na askari. Mpinzani wangu alikuwa na askari wanne dhidi ya watatu upande wa mfalme. Mimi pia nilikuwa na wanne kwa watatu upande wa pili, ila wale wawili wa safu ya c walizibana, hapakuwa na wa kupenya. Akasukuma askari wake wa e taratibu. Nikampa mkono, nimeshindwa.

Kwa hiyo ukiutaka ulinzi huu, anza kujifunza mwisho wake. Kabla ya kubadilishana kete yoyote, jiulize: zote zikiisha, nani anashinda? Mara nyingi ni mweupe. Maaskofu wako wawili usiwatoe kirahisi. Mimi pia husukuma askari hadi h5 mapema, ili g4 isije ikamfukuza farasi wangu pale f5.

Wala usikeshe ukikariri. Wengi watakukwepa kwa d3 hatua ya nne, na hata mabingwa hufanya hivyo. Hapo mimi hutoa askofu c5, na kusema kweli, michezo yangu mingi ya Berlin siku hizi hufika hatua ya thelathini malkia wakiwa bado ubaoni.