Kabla Hujatia Dawa Jichoni

Jicho likianza kuwasha au likawa jekundu, wengi hupitia duka la dawa na kuomba "dawa ya macho", kama vile iko moja tu. Ziko nyingi, na baadhi yake zinaweza kukupofusha polepole huku ukiziona zinakusaidia. Ndiyo maana ushauri huu unaanzia hapo, kabla ya karoti na kabla ya simu.

Soma boksi. Ukikuta jina la dawa linaloishia na "-sone" au "-solone", hiyo ni steroidi, na mara nyingi huwa imechanganywa na antibayotiki ndani ya chupa moja. Huondoa wekundu na muwasho haraka, na mtego uko hapo hapo: muwasho ukirudi, mtu anairudia. Akiendelea kwa wiki na miezi, presha ya ndani ya jicho inaweza kupanda bila maumivu yoyote na kuua mshipa wa fahamu wa kuonea. Lenzi nayo huanza kuingia ukungu, yaani mtoto wa jicho, hata kwa mwanafunzi wa sekondari. Na kama jicho lilichomwa na jani la muhindi au bua la mpunga, huenda fangasi wameingia, na steroidi huwaachia uwanja waile konea, kile kioo cha mbele ya jicho. Dawa hizi zina kazi yake na huokoa macho ya watu, ila ziandikwe na daktari wa macho aliyekuchunguza, na urudi kupimwa presha ya jicho.

Maziwa ya mama, mkojo, asali, chai, maji ya majani: chochote kati ya hivyo kisitiwe jichoni. Vinaingiza vijidudu, na baadhi ya majani yana utomvu unaounguza. Kovu likishakaa katikati ya konea, hakuna tone litakalolifuta.

Ukiandikiwa matone, tone moja linatosha; la pili humwagika shavuni. Nawa mikono, inua uso uangalie juu, vuta ukope wa chini upate kifuko kidogo, dondoshea humo bila ncha ya chupa kugusa kope. Fumba jicho taratibu bila kulikaza, kisha bonyeza pembe yake ya ndani, karibu na pua, kwa dakika 1 au 2. Hapo pana tundu linalopeleka machozi puani, ndiyo sababu watu husikia uchungu wa dawa kooni. Ukiwa na dawa mbili, zipishane kwa dakika 5, la sivyo ya pili itaisafisha ya kwanza. Siku unayofungua chupa iandike tarehe: nyingi hutupwa baada ya siku 28, hata ikibaki nusu. Na chupa moja ni ya mtu mmoja.

Ule ugonjwa wa macho mekundu uliosambaa Dar es Salaam na pwani ya Kenya mapema mwaka 2024 uliletwa na virusi, na antibayotiki haiui virusi. Kwa kawaida hupona wenyewe kwa wiki 1 hadi 2. Kinachosaidia ni kufuta matongotongo kwa pamba iliyoloweshwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kila jicho na kipande chake, kisha kukitupa. Taulo, khanga, mto na wanja visichangiwe. Lakini ukiona maumivu makali, mwanga haukaliki, unaona ukungu, au pametokea doa jeupe kwenye sehemu nyeusi ya jicho, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo kwa mtoto mchanga anayetoa matongotongo mengi ndani ya mwezi wake wa kwanza. Huyo hasubiri kesho.

Kwa muwasho wa mzio, weka kitambaa chenye maji baridi juu ya macho yaliyofumbwa, wala usifikiche. Mtoto anayefikicha kwa nguvu miaka na miaka anaweza kuidhoofisha konea ikachongoka, na miwani ya kawaida ikashindwa kumsaidia. Chokea inataka kinyume chake: kitambaa cha uvuguvugu dakika 10, mara 3 au 4 kwa siku, bila kuikamua.

Mafundi ujenzi, hili ni lenu. Saruji au chokaa ikiingia jichoni hupenya ndani kuliko asidi nyingi. Usikimbilie bodaboda kwanza. Mwagia maji safi yanayotiririka kwa dakika 30 papo hapo, jicho likiwa wazi, ukiinua ukope wa juu ili punje zilizojificha zitoke, ndipo uende hospitali.

Simu na kompyuta haziharibu macho kama inavyosemwa, ila huyakausha, kwa sababu anayekazia kioo hupepesa kope mara chache. Kila dakika 20 tazama kitu kilicho mita 6 au zaidi kwa sekunde 20, pepesa kwa makusudi, na feni isikupige usoni. Watoto wanahitaji kucheza nje saa 2 hivi kwa siku. Hilo hupunguza uwezekano wa kushindwa kuona mbali. Chakula hakina siri: matembele, mchicha, viazi lishe, papai, maini. Mboga ziungwe kwa mafuta au nazi kidogo, maana vitamini A haifyonzwi vizuri bila mafuta.

Kinachosahaulika zaidi ni kupima. Glakoma, ugonjwa unaoua mshipa wa fahamu wa kuonea, hula uoni wa pembeni kwanza, na jicho zima humfichia mwenzake. Mara moja kwa mwezi funika jicho moja usome kalenda ya ukutani, kisha funika la pili. Hata ukiona sawa, ukifika miaka 40 kapimwe presha ya jicho na mshipa wake. Kama mzazi au ndugu wa tumbo moja ana glakoma, usingoje umri huo. Mwenye kisukari achunguzwe nyuma ya jicho kila mwaka. Kwa kipimo hicho hutiwa matone ya kutanua mboni, na uoni wa karibu huwa na ukungu kwa saa kadhaa, kwa hiyo nenda na mtu, beba kofia au miwani ya jua, na usiendeshe gari wala pikipiki wakati wa kurudi.