Skrini ya Kujikunja Ukumbini: Pima Kwanza Pale Itakapojificha

Ukipewa kazi ya kufunga skrini ya projekta inayoshushwa na kukunjwa kwa mota katika ukumbi wa Kisumu, uliza kwanza ukumbi wenyewe hutumika kwa shughuli gani. Jibu huwa refu. Jumapili ni ibada, katikati ya wiki semina, Ijumaa usiku bendi ya ohangla, na msimu wa drama za shule ukifika jukwaa ni la wanafunzi. Skrini yako itateremshwa saa chache tu. Saa nyingine zote itakuwa imekunjwa juu ya vichwa vya watu. Ndiyo maana mimi hupima kwanza mahali pa kasha, yaani boksi refu ambamo kitambaa cha skrini hujikunja, halafu ndipo nifikirie picha.

Panda juu utazame. Pazia hupita wapi? Taa za jukwaani zimening'inia wapi, na zikigeuzwa zinafika wapi? Taa za zamani za balbu hutoa joto kali, kwa hiyo usizisogelee na kitambaa. Acha nafasi mbele na nyuma ya kasha, kwa kuwa kitambaa huyumba kikishuka, hasa alasiri upepo wa ziwani unapoingia madirishani. Kama bajeti inaruhusu, chukua skrini yenye nyuzi za kuvuta kitambaa pembeni. Skrini ya kawaida ikiwa pana huanza kujipinda kingo, na projekta huonyesha kila kasoro.

Kuhusu uzito sina mzaha. Usitundike kitu kwenye dari la jipsamu. Tafuta vyuma vinavyobeba paa, na hata hivyo kumbuka huenda vilipigiwa hesabu ya mabati na upepo tu. Mwite mhandisi atazame kabla hujatoboa. Kila kasha liwe pia na kebo ya chuma ya akiba, iliyofungwa mahali tofauti na bolti kuu. Mwenye ukumbi akikwambia hiyo ni gharama ya bure, mwonyeshe viti vilivyo chini.

Ukubwa ni hesabu nyepesi. Kwa maandishi ya kusomwa, mtu wa mwisho asikae mbali zaidi ya mara 6 ya urefu wa picha kwenda juu. Akiwa mita 18, picha iwe na kimo cha mita 3, na kwa umbo la 16:9 (upana 16 kwa kimo 9) upana wake ni kama mita 5.3. Ukingo wa chini upite vichwa vya walioketi mbele. Paa likiwa fupi, punguza picha. Usiishushe hadi sakafuni.

Sasa umeme. Mota za ndani ya bomba linalozungusha kitambaa huwa na nyaya nne: ardhi, nyutro, ya kupanda na ya kushuka. Tumia swichi isiyoweza kupeleka umeme kwenye hizo mbili za mwisho kwa pamoja, na usiunganishe mota mbili sambamba kwenye swichi moja bila relei, yaani swichi ya umeme inayotenganisha mota hizo. Rekebisha polepole vikomo vya juu na chini, yaani pale mota inapojisimamisha. Mota nyingi za aina hii huvumilia takriban dakika 4 mfululizo, kisha hujizima kwa joto. Wanagenzi wengi hudhani imeungua na kuanza kuifungua, kumbe ilitaka kupoa tu.

Kuna jambo ambalo vijitabu vya kiwandani havitakwambia. Wale wadudu wadogo wa ziwani hufuata mwanga, na skrini inayong'aa usiku ni karamu yao. Ikikunjwa nao, hupondwa ndani na kuacha madoa ambayo hayatoki. Mfundishe mtunza ukumbi kuzima projekta kwanza, awashe taa ya nje, asubiri, apanguse kitambaa kwa brashi laini kavu, ndipo akunje.

Swichi yenyewe iweke mahali ambapo anayeibonyeza anaiona skrini yote. Ikiwa nyuma ya jukwaa, siku moja itashuka juu ya kinanda cha kwaya huku mtu akishangaa mbona inakwama. Na iwe ndani ya kisanduku chenye ufunguo, kwa maana watoto wa Sunday school hawawezi kuona kitufe wakakiacha.