Maswali na Majibu: Kinachoigwa katika The Simpsons

Maswali ya wiki hii yote yanahusu The Simpsons, katuni ya Matt Groening iliyoanza mwaka 1987 kama vipande vifupi ndani ya kipindi cha mtu mwingine, ikapata nusu saa yake yenyewe tarehe 17 Desemba 1989. Wasomaji wanataka kujua hasa kuhusu tabia yake ya kuiga filamu, nyimbo na watu mashuhuri.

Sikukua nikitazama filamu za zamani za Kimarekani. Je, ninapoitazama katuni hii napitwa na mengi? (Msomaji, Tanga)

Unapitwa na baadhi, ila si na kicheko chenyewe. Tumezoea kusema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu hulitambua; katika sehemu zilizo bora za katuni hii, hata asiyelitambua fumbo huwekewa fungu lake.

Tazama sehemu ya mwaka 1993 iitwayo "Cape Feare", inayoifuata filamu ya kutisha ya Cape Fear, ile ya 1962 na ile iliyotengenezwa upya mwaka 1991. Sideshow Bob, mhalifu mwenye nywele zilizotimka, anatoka gerezani na kuiandama familia ya Simpson, kama vile mfungwa wa kwenye filamu anavyoiandama familia ya wakili. Ndani ya ukumbi wa sinema Bob anavuta sigara nene na kuangua kicheko cha kukera. Aliyeiona filamu ya 1991 atamkumbuka mara moja mfungwa yule akifanya vivyo hivyo. Ambaye hakuiona atacheka kwa sababu nyingine, kwamba Homer, baba wa familia ya Simpson, ana sigara kubwa zaidi na kicheko cha kelele zaidi, hadi mhalifu mwenyewe anaona amekosewa adabu.

Baadaye Bob anatoka uvunguni mwa gari la familia hiyo, alikokuwa amejifunga ili awafuate kwa siri, na hapo hapo anakanyaga reki. Mpini unainuka na kumpiga usoni, anaguna, anageuka, anakanyaga nyingine. Anapigwa mara 9. Waandishi walikirefusha kichekesho hicho kwa sababu sehemu ilikuwa fupi kuliko muda uliopangwa, nacho hakidai ujuzi wowote wa filamu: kufikia reki ya tano, mtazamaji wa Tanga na wa Chicago wote wanaisubiri ya sita kabla mguu haujashuka.

Kuna tofauti gani kati ya kudokeza na kuiga kwa kejeli? (Mwanafunzi wa fasihi, Nairobi)

Dokezo hupita tu, na hadithi haisimami kulisubiri. Katika sehemu ya mwaka 1994 ambamo Homer anapelekwa angani, anaelea ndani ya chombo akidaka vipande vya viazi kwa mdomo huku muziki wa Johann Strauss, "The Blue Danube", ukipigwa. Muziki huo huo ndio unaosindikiza vyombo vya angani katika 2001: A Space Odyssey ya mwaka 1968. Ukilitambua dokezo unafurahi, usipolitambua unabaki na mtu mnene anayecheza dansi na vitafunio.

Uigaji wa kejeli huchukua umbo zima la kitu kingine na kulisukuma hadi lionyeshe lilichokuwa likikificha. Itchy na Scratchy, panya na paka ambao watoto wa Springfield, mji wa familia ya Simpson, huwatazama kwenye televisheni, wameigwa kutoka katuni za aina ya Tom na Jerry, iliyoanza mwaka 1940. Tom hubondwa na kusimama tena akiwa mzima. Scratchy hukatwa, na damu hutoka. Kwa damu hiyo tunaulizwa tulikuwa tukicheka nini miaka yote hiyo, na kwangu hicho ndicho kipimo cha kejeli iliyokamilika. Katika insha yako unaweza kuyaweka yote mawili chini ya mwingiliano matini, yaani kazi moja kujibizana na nyingine, lakini usiyachanganye.

Kwa nini hawashtakiwi? (Msomaji, Dodoma)

Sheria ya hakimiliki ya Marekani inaruhusu kazi ya mwingine itumiwe kwa kiasi kilicho cha haki (fair use), na mwaka 1994 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilitamka kwamba hata mwigo wa kejeli unaouzwa kwa faida unaweza kuhesabiwa humo. Kesi hiyo ilihusu kundi la rap la 2 Live Crew, lililouiga kwa kejeli wimbo wa Roy Orbison, "Oh, Pretty Woman". Kinga hiyo haina uhakika mapema, kwani kila kesi hupimwa yenyewe, na huo ni uamuzi wa Marekani, kwa hiyo mchoraji wa Dodoma asiutegemee.

Je, ni kweli walitabiri urais wa Trump? (Msomaji, Bujumbura)

Katika sehemu ya Machi 2000 inayoonyesha siku zijazo, Lisa, binti wa Homer, akiwa rais anasema amerithi matatizo ya fedha kutoka kwa Rais Trump. Hilo ni kweli. Lakini Trump alikuwa ametoka kujaribu kugombea kupitia Reform Party na kujitoa Februari ya mwaka huo huo, hivyo mzaha ulitoka kwenye habari za siku zile. Picha zake akiwa kwenye ngazi za umeme, ambazo husambazwa kama ushahidi, zimetoka katika kipande cha mwaka 2015, kilichotengenezwa baada ya yeye kushuka ngazi kama hizo alipokwenda kutangaza kwamba anagombea.

Nimesikia familia hiyo ilifika Tanzania. Waliionyeshaje? (Msomaji, Kigoma)

Walifika, katika "Simpson Safari" ya mwaka 2001, na swali lako ndilo lililonikaa moyoni zaidi. Kabla ndege haijatua, rubani anatangaza kwamba Tanzania sasa inaitwa New Zanzibar, kisha anasahihisha: sasa ni Pepsi Presents New Zanzibar. Kiongozi wao wa safari anaitwa Kitenge. Mbele ya safari wanamkuta mtafiti wa sokwe, Joan Bushwell, ambaye kumbe anawatumikisha sokwe wake kuchimba almasi.

Wewe wa Kigoma umeshamtambua anayeigwa. Mtafiti wa sokwe Jane Goodall alifika Gombe, huko kwenu Kigoma, mwaka 1960, na mwaka huo huo akamwona sokwe akitumbukiza bua la nyasi kwenye kichuguu ili avue mchwa. Hapo ndipo penye uzito, kwa sababu mtu aliyetufundisha kwamba sokwe hutumia zana anaigwa kama mtu aliyewafanya sokwe zana. Kichekesho hicho ni kikali, lakini kinamjua kinayemchezea.

Mzaha wa jina la nchi hauijui nchi unayoichezea. Tanganyika na Zanzibar ziliungana Aprili 1964, jina la Tanzania likachukuliwa Oktoba ya mwaka huo, na halijabadilika tangu hapo. Waandishi waliiga Afrika ya taarifa za habari za Marekani, ambamo Zaire ilikuwa imegeuka Kongo mwaka 1997, wakaibandika juu ya nchi ambayo hawakuitazama. Waandishi wa katuni hii hii waliichambua Cape Fear pumzi kwa pumzi. Nchi ya watu ilistahili uangalifu uo huo, na nadhani ingewapa vichekesho bora zaidi.

Nianze na sehemu ipi? (Msomaji, Muscat)

"Marge vs. the Monorail" ya Januari 1993, iliyoandikwa na Conan O'Brien. Mji umepata dola milioni 3 za faini, na mgeni mwenye ulimi mtamu anawauzia treni ya reli moja, kwa mfano wa tapeli wa The Music Man, mchezo wa jukwaani wa mwaka 1957, aliyeuza vyombo vya muziki. Usikilize kwa makini wimbo wa mkutanoni. Ukumbi mzima unaimba kwa furaha, na Marge, mke wa Homer, peke yake anauliza kuhusu barabara kuu, ambayo bado ina nyufa.