Barua kwa mwanangu: weusi wa koti la Schwiter

Mwanangu,

Marahaba. Picha uliyonipigia National Gallery, jumba la michoro la London, ya mchoro wa kijana mwenye koti jeusi, nimeipata, na swali lako pia: wanaume wa Ulaya waliojipamba kwa hariri ya waridi na darizi za dhahabu katika karne ya 18, kwa nini ukifika vyumba vya karne ya 19 unawakuta weusi kama waenda mazikoni? Umemuuliza fundi cherehani, basi utajibiwa kifundi.

Siasa imo. Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789, hariri na darizi vilinuka ukabaila. Uingereza nayo, mwaka 1795, ikamtoza gini moja (pauni moja na shilingi moja) kwa mwaka kila anayepaka unga nyweleni. Wengi wakaona heri wanyoe.

Lakini bila sufu, kitambaa cha manyoya ya kondoo, hayo yasingefika mbali. Hariri haifinyangiki, ili ipendeze lazima uinakshi. Sufu ukiipiga pasi yenye mvuke hujikusanya hapa, huvutika pale, mpaka ishike kifua na mgongo wa mwenyewe. Mafundi wa London walisifika kwa kazi hiyo, na Beau Brummell, mlimbwende maarufu wa mji huo, akawa tangazo lao: koti la buluu iliyokolea lisilo na urembo, shati jeupe, kitambaa cha shingoni kilichotiwa wanga. Hata mwana wa lodi hakuwa. Mwaka 1816 madeni yakamkimbizia Ufaransa, akafia Caen mwaka 1840. (Wateja wa aina hiyo ninao: kuvaa wanajua, kulipa ndiyo shughuli.)

Sasa huyo kijana wa pichani. Ni Louis-Auguste Schwiter, naye mchoraji. Aliyemchora ni rafiki yake Eugène Delacroix, aliyeianza kazi hiyo mwaka 1826, mwaka mmoja baada ya kwenda London na kukutana na Thomas Lawrence, bingwa wa kuchora mabwana. Watu hudhani nyeusi ni rahisi kuchora. Wajaribu! Mchoraji hana darizi ya kujifichia. Mkunjo wa kiwiko auonyeshe kwa weusi juu ya weusi, na mwanga wote hukimbilia usoni na mikononi. Halafu itazame kofia aliyoishika: bitana nyekundu! Majivuno yake kayaficha humo, kisha kaigeuza kofia tuyaone.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema nyeusi ilikuwa unyenyekevu. Darizi mwenye pesa yeyote angeinunua. Koti lililokaa vile lilitaka fundi hodari na mteja mwenye subira ya kupimwa na kupimwa tena, na juu ya nyeusi vumbi halina pa kujificha.

Salon ya Paris ya 1827, yaani maonyesho makuu ya sanaa, iliikataa picha hiyo. Baadaye ilimilikiwa na mchoraji Edgar Degas, na National Gallery wakainunua mwaka 1918, vitu vyake vilipopigwa mnada.

Simu yako imemkata miguu. Ukipita tena, nipigie viatu, na bega kwa karibu. Nataka kuona mkono wa koti umeingizwaje. Mama yako anakusalimu.

Baba yako