Ukinunua PABX ya mtumba, bajeti kubwa iweke kwenye waya na ethi

Kama una lodge, zahanati au shule ambayo nyaya za simu zimo ukutani tangu enzi za simu za mezani, PABX ya mtumba, yaani kasha linaloziunganisha simu za ndani ya jengo zenyewe kwa zenyewe na kwa laini za nje, bado ina kazi. Mgeni chumbani anapiga mapokezi bila vocha wala bando, na intaneti ikikata simu za ndani hazina habari. Ila kama ofisi yako ni vyumba vitatu ambavyo watu wanaitana kwa sauti wakasikiana, usijisumbue. Na kama jengo ni jipya, lina nyaya za kompyuta kila chumba, nenda moja kwa moja kwenye simu za IP, zile zinazopita kwenye mtandao wa kompyuta. Hapa naongea na mwenye jengo la zamani na mfuko mwepesi.

Kasha ninalopenda kufunga ni Panasonic KX-TES824. Bila kuongezewa chochote linabeba laini 3 za nje na ekstensheni 8, yaani simu 8 za ndani. Ukiongeza kadi linafika laini 8 na ekstensheni 24. Muuzaji akikuambia "hii ni ya ishirini na nne, bosi", mwambie afungue mfuniko uzione kadi. Sehemu zikiwa wazi, umenunua ya nane. Dai pia simu ya opereta inayoendana nalo, ile maalumu yenye kioo na vitufe vingi kama KX-T7730, maana programu (mipangilio ya kasha) unaziingiza kupitia simu hiyo. Simu za opereta za kidijitali za Panasonic hiyohiyo hazifanyi kazi kwenye kasha hili, hata zikipendeza namna gani na hata ukipunguziwa bei.

Usilipe kabla ya kuliwasha. Nenda na simu ya kawaida ya mezani, ichomeke kwenye kila tundu la ekstensheni usikilize mlio, kisha tundu moja lipigie lingine. Ingia kwenye programu kwa nywila ya kiwandani, 1234. Ikikataa si lazima kasha liwe bovu. Mwenye zamani aliibadilisha, na kuna namna ya kulirudisha kwenye hali ya kiwandani. Ila arudishe muuzaji mbele yako.

Sasa waya, ambako ndiko kazi ilipo. Fundi umeme aliyezoea kurusha waya kutoka soketi moja hadi nyingine atataka kufanya hivyohivyo na simu. Mkatalie. Kila ekstensheni inapewa jozi yake yenyewe kutoka kwenye kasha hadi chumbani. Nyaya hizo zisipite bomba moja na za umeme, la sivyo utasikia mvumo kila mtu anapoinua mkono wa simu.

Ukilazimika kuvuta waya mpya, vuta ule wa mtandao wa kompyuta, Cat5e. Una jozi nne: bluu, chungwa, kijani na kahawia, kila rangi imesokotwa na nyeupe yake. Waya mmoja unatosha simu nne za kawaida au simu mbili za opereta, na siku ukihamia IP haubomoi ukuta. Heshimu ule msokoto. Ukichukua uzi wa bluu ukauoanisha na wa chungwa, simu itaita na watu wataongea vizuri tu, lakini mazungumzo ya chumba cha pili yataanza kusikika humo humo. Kosa hilo ni gumu kulitafuta kwa sababu kila uzi ukiupima ni mzima.

Kwenye kichwa cha RJ11, kile kidogo cha plastiki kinachochomekwa kwenye tundu la simu, sauti inapita pini mbili za katikati. Simu ya opereta inataka na zile mbili za pembeni kwa ajili ya data. Ukiisahau jozi hiyo, kioo hakitaonyesha kitu. Nyaya zote zimalizie kwenye vipande vya Krone, vile vya kuungia nyaya za simu vyenye meno ya kubana uzi, na uzibane kwa kifaa chake, si kwa bisibisi. Bisibisi inapanua meno, na mguso unalegea taratibu. Andika namba ya chumba palepale. Tahadhari moja: simu inapoita, umeme kwenye jozi unaweza kufika volti 90. Hautakuua, lakini ukiwa juu ya ngazi utaukumbuka.

Kuhusu ethi, yaani njia ya kupeleka umeme wa hatari ardhini, kwetu Mwanza kuna tabu yake. Tumejenga juu ya mawe, na fimbo ya ethi ikigonga jabali fundi huikata na kuifukia kipande. Bora achimbe mtaro ailaze, kisha apime. Na ethi ya PABX iungane na ya jengo zima; ukiipa yake ya pembeni, radi ikipiga tofauti ya volti kati ya hizo mbili itapita ndani ya kasha lako. Radi za ziwani mnazijua, nyingi zinakuja usiku au alfajiri wakati hakuna wa kuchomoa chochote. Waya unaotoka mapokezi kwenda vibanda vya ufukweni uzikwe, na kila upande uwekewe vilinzi vya radi. Kama fedha inatosha kitu kimoja tu kati ya vilinzi na kadi ya ziada, nunua vilinzi.

Laini ya nje ikiwa ni ya TTCL ya waya, pima: simu ikiwa imewekwa chini utaona karibu volti 48. Pasipo na waya wa TTCL, kuna kifaa kinachoingia simkadi na kutoa tundu la simu. Hicho unakichomeka kwenye tundu la laini ya nje. Jaribu jambo moja kabla ya kumlipa aliyekifunga. Mtu wa nje akate simu kwanza, halafu uangalie kama laini inaachia. Isipoachia, itabaki "bize" hadi mtu azime kasha, na dawa iko kwenye mipangilio ya vifaa vyote viwili.

Kasha lining'inie ukutani, mbali na dirisha na taa, kwa sababu wale wadudu wa ziwani hupenya kila upenyo na kufia humo. Lipe UPS, kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme ukikatika. Kwenye tundu la ekstensheni linalounganishwa na laini ya nje umeme ukikatika, weka simu ya kawaida. Ya opereta haitaita.

Mwisho, badilisha ile 1234, na uzime huduma ya mtu wa nje kupiga kupitia laini zako kama huitumii. Bili ya simu za nje ya nchi usizopiga wewe italipwa na wewe.