Asali na Siki: Chupa Inayofura na Kitunguu Kinachogeuka Kijani

Maswali mengi ya wasomaji wetu wa Mwanza safari hii yanahusu mchanganyiko wa asali, siki na viungo, ule unaonywewa kijiko kwa kijiko mafua yanapobisha hodi. Tumechukua yanayojirudia zaidi.

Ndio naanza. Nina chupa ya lita moja, tangawizi na mchaichai. Nipime vipi? (Igoma)

Chukua tangawizi gramu 150, osha, kata vipande vyembamba. Usiisage, maana inaacha machicha yasiyochujika na kinywaji kinabaki na ukungu. Mchaichai tumia mashina matatu, ile sehemu nyeupe ya chini, uyaponde kwa mgongo wa kisu. Tandaza vyote kwenye kitambaa safi kivulini saa mbili au tatu, maji ya kuoshea yakauke. Hatua hii watu wengi huiruka, na ndiyo inayowaponza: maji kidogo tu yaliyobaki kwenye majani yanatosha kuanza kuharibu kazi.

Viungo vikishaingia kwenye chupa kavu, mimina siki mililita 350, kisha asali mililita 350, ambayo kwenye mzani ni karibu nusu kilo. Koroga kwa mwiko wa mbao hadi asali iyeyuke, hakikisha hakuna jani linaloelea, acha nafasi juu upana wa kidole. Funga, weka kabatini, tikisa kila siku kwa wiki mbili. Zikifika tatu hakuna ubaya. Chuja kwa kitambaa cha pamba, kamua vizuri, hamishia kwenye chupa nyingine.

Kama majani ni makavu, yasizidi robo ya chupa, kwa sababu yatavimba.

Kuhusu vyombo: chupa ya kioo ichemshwe kwanza. Vitabu vingi husema dakika 10, lakini Mwanza tuko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari na maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo ipe dakika 15. Mfuniko wa chuma utaliwa na siki na kuacha kutu shingoni. Tafuta wa plastiki, au tenganisha kwa kipande cha karatasi ya kuokea. Sufuria za aluminiamu, zilizojaa majikoni mwetu, zisiguse siki kabisa.

Asali yangu ya tangawizi na rozela imetoa povu siku ya nne, nilipofungua ikalia "pshh" na kumwagika. Niliweka siki vijiko vinne kwa lita ya asali. (Kirumba)

Imechacha. Asali iliyoiva vizuri ina maji chini ya asilimia 20, na kwa ukavu huo hamira iliyomo haipati nafasi. Tangawizi mbichi inatoa maji yake, na rozela kama uliiloweka kwanza ndiyo umemwaga maji moja kwa moja. Vijiko vinne vya siki ni kama mililita 60 tu. Havitoshi kuzuia chochote. Au unaweka siki nusu kwa nusu, au unabaki na asali tupu na viungo vikavu. Katikati ya hapo ni kutengeneza pombe.

Kama harufu ni ya pombe tu na hakuna ukungu, si sumu, lakini usiifunge kwa nguvu: chupa ya kioo inaweza kupasuka. Usimpe mtoto.

Kagua pia asali yenyewe. Kuitazama inavyozama kwenye glasi ya maji au kuwasha kiberiti kilichochovywa hakukuambii kitu. Sharubati nzito ya sukari nayo inazama. Pima hivi: chukua chupa tupu, ijaze maji hadi alama, jua uzito wa maji peke yake. Kausha chupa vizuri, jaza asali hadi alama ileile. Maji yakiwa gramu 500, asali nzuri inafika 700 au inazidi kidogo. Ikiwa chini ya 700, ina maji mengi. Kipimo hiki hakimkamati aliyechanganya sharubati nzito, ila asali iliyotiwa maji au iliyorinwa kabla ya masega kufungwa kinaiumbua. Asali ya nyuki wadogo ina maji mengi kwa asili yake. Ni tamu kwenye chai, lakini kwa kazi hii tafuta ya nyuki wakubwa, mfano ile nzito ya miombo kutoka Tabora.

Kitunguu saumu kimegeuka kijani kama shaba iliyoota kutu. Nitupe? (Nyegezi)

Usitupe. Viini vya salfa ndani ya kitunguu vinakutana na uchachu na kutengeneza rangi ya kijani au bluu. Hutokea zaidi kwa vitunguu vichanga au vilivyokaa kwenye baridi. Ladha haibadiliki, na madhara hakuna.

Cha kuogopa hakina rangi wala harufu. Kitunguu saumu kibichi kikikaa kwenye asali peke yake au mafuta, bila hewa na bila uchachu wa kutosha, kinaweza kuotesha bakteria wa botulini, sumu kali inayopoozesha mwili. Siki yenye asidi asilimia 5, nusu kwa nusu na asali, inawazuia. Ndiyo maana kwenye kitunguu saumu hatupunguzi siki hata kama mtu analalamika kuwa ni kali.

Naweza kutumia siki ninayotengeneza kwa maganda ya nanasi? (Sengerema)

Nanasi la huko kwenu na Geita linatoa siki nzuri sana. Maganda ya nanasi moja kubwa lililooshwa, maji lita moja yaliyochemshwa na kupoa, sukari gramu 100. Funika kwa kitambaa kilichofumwa kwa karibu na ukifunge kwa mpira, maana inzi wa matunda wanapita penye tundu dogo, na wadudu wa ziwani wakivuma jioni utawakuta wamejaa juu. Koroga kila siku. Baada ya wiki moja povu likitulia, toa maganda, rudisha maji kwenye chupa na uiache na kitambaa tu wiki tatu hadi nne. Usiweke mfuniko, siki inahitaji hewa. Utando laini kama jeli juu ni dalili njema; manyoya meusi au ya kijani ni ukungu, mwaga yote.

Shida ni kwamba hujui ukali wake. Inaweza kuwa asilimia 3, inaweza kuwa 5. Itumie kwa viungo vikavu, weka kwenye friji, maliza ndani ya wiki mbili baada ya kuchuja. Kitunguu saumu kitengenezee siki ya dukani ambayo lebo yake imeandikwa asilimia 5. Siki ya kusafishia vioo na sakafu si ya kunywa.

Mama anatumia dawa za sukari, na nina mtoto wa miezi minane. Wanywe kiasi gani? (Buswelu)

Mtoto: hata tone. Chini ya mwaka mmoja asali hairuhusiwi, na kuichemsha hakuui mbegu za bakteria wa botulini.

Mama: shikamoo yake, lakini aanze na daktari. Kijiko cha chakula cha mchanganyiko wetu kina sukari karibu vijiko viwili vya chai. Siki nyingi ya kila siku inaweza kushusha potasiamu kwa anayetumia insulini, dawa za kukojoza au digoksini (dawa ya moyo). Kitunguu saumu na tangawizi kwa wingi havipatani na dawa za kuzuia damu kuganda. Mwenye vidonda vya tumbo aache.

Mtu mzima mwenye afya: kijiko kimoja cha chakula kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, mara moja au mbili kwa siku. Usinywe bila maji, meno yataliwa. Sukutua, na usubiri nusu saa kabla ya kupiga mswaki.

Nataka kuuza. Niandike "inatibu presha"? (Mkolani)

Hapana. Chakula cha kufungasha kinapitia TBS (Shirika la Viwango Tanzania), na SIDO (shirika la viwanda vidogo) wanasaidia wasindikaji wadogo kuanza. Ukisema kinatibu, umeingia kwenye eneo la Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, ambako utaulizwa ushahidi. Andika viungo, ujazo, tarehe ya kutengeneza na ya mwisho wa matumizi, na kwa herufi kubwa: ASIPEWE MTOTO CHINI YA MWAKA MMOJA.