Shangazi, nikajitangaze muflisi?

"Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Uyole, Mbeya. Nanunua viazi mviringo Njombe nasafirisha Dar. Mwaka jana nilikopa benki, nyumba yetu ikawa dhamana, mume wangu alisaini. Safari mbili zilikwenda vizuri. Ya tatu Fuso ikafa gia Ruaha Mbuyuni, tukalala pale siku nne kwenye lile joto. Mzigo ulipofika Mabibo dalali alifungua gunia la kwanza, akarudi nyuma hatua mbili. Sikupata hata nauli ya gari.

Benki bado milioni 18, na marejesho matatu ya 950,000 sijapeleka. Kikundi chetu cha kuweka na kukopa wananidai milioni 2.4. Wakulima wawili wa Njombe walionipa viazi kwa mali kauli, milioni 3.1. Mikopo miwili ya kwenye simu, 380,000, hao wanawapigia hadi walimu wa watoto wangu. Halafu kuna mama mmoja wa kausha damu, nilichukua milioni 1.5, kila mwezi nampelekea riba 300,000, sasa miezi saba, na milioni 1.5 iko palepale. Kadi yangu ya benki anayo yeye. Huyo mama, mume wangu hamjui.

Shemeji yangu anasema niende mahakamani nijitangaze muflisi, madeni yote yafutwe, ila kwanza nihamishe kiwanja changu cha Igawilo kwa jina la dada yangu. Nifanye hivyo? Na nikifanya, nitakuja kukopesheka tena? Naogopa pia kufungwa."

Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa Ruaha Mbuyuni. Anayeijua barabara ile anajua viazi vya baridi ya Njombe vinavyofanywa na siku nne za pale chini.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na kuna kitu kimoja sikukiona: jumla. Umetaja deni mojamoja, kila moja na maumivu yake, lakini hukujumlisha popote. Nimechukua kalamu mimi. Ni 25,380,000. Iandike mahali. Nimeona watu wengi wanaodaiwa wakiijua kila senti ya mdai anayepiga kelele, na jumla hawaijui, kwa hiyo wanamlipa anayepiga kelele.

Sasa la shemeji. Huku kwetu mtu akisema amefilisika ana maana mfuko umekauka. Kisheria ni jambo jingine. Ni hadhi unayopewa na Mahakama Kuu kwa Sheria ya Ufilisi, Sura ya 25, na unaweza kuiomba mwenyewe au akaiomba mdai wako. Ukiiomba, unaweka mezani orodha ya mali zako zote na madeni yako yote, chini ya kiapo. Mahakama ikikubali, mali inatoka mikononi mwako na kuwekwa chini ya msimamizi, na RITA, wakala wa usajili, ufilisi na udhamini, ndio wenye kazi hiyo serikalini. Wadai wanaitwa mkutanoni. Wewe unahojiwa mahakamani, hadharani, pesa ilikwendaje. Jina lako linatangazwa. Unabaki na vifaa vya kazi, nguo na matandiko, tena kwa kiwango kidogo. Kufunguliwa kutoka kwenye hali hiyo nako kunaombwa mahakamani, na hakimu wa Mahakama Kuu, yaani jaji, anaweza kukubali, kukataa, kuahirisha au kukupa masharti. Mpaka ufunguliwe, huwezi kuwa mkurugenzi wa kampuni bila ruhusa ya mahakama, na kukopa huku ukificha kwamba wewe ni muflisi ni kosa.

Pamoja na hayo yote, kuna watu ninaowaambia waende. Mtu ana wadai ishirini, kila mmoja na kesi yake, mshahara unakamatwa huku na pikipiki kule, na hana cha kupoteza kilichobaki. Huyo amri ya mahakama inampa pumzi: wadai wanasimamishwa kumfuata mmojammoja, wanapanga foleni moja. Kwake ni msaada wa kweli, na aibu ya kutangazwa haizidi aliyokwisha kuipata.

Wewe si huyo. Katika hiyo milioni 25, milioni 18 ziko kwa mdai mwenye dhamana. Benki iliyoshika hati ya nyumba haisimami kwenye ile foleni. Ufilisi hauizuii kuuza ilichowekewa rehani. Ungepita mahakamani, ungehojiwa, ungetangazwa, na nyumba ingeuzwa vilevile. Kwenye kikundi nako uliwekewa wadhamini, sivyo? Kufutiwa kwako hakuwafuti wao. Deni lingehamia kwa hao waliokudhamini, unaokaa nao kikaoni.

Na hilo la kiwanja, tafadhali mwambie shemeji anyamaze. Kuhamisha mali kwa ndugu ili wadai wasiione ndiyo hasa mahakama inayotafuta. Uhamisho wa namna hiyo unatenguliwa, wewe unaingia kwenye kosa la jinai, na dada yako unamtia kwenye kesi isiyomhusu. Ulikuja na deni, ungeondoka na udanganyifu. Ukitaka kumsikia mwanasheria badala ya mimi na shemeji, Mahakama Kuu ina kanda hapohapo Mbeya, na wapo watoa msaada wa kisheria wanaotambuliwa kwa sheria ya 2017 ambao hawatozi wasio na uwezo. Waulize.

Kufungwa: deni la kukopa ni daawa, yaani kesi ya madai, si jinai. Mtendaji wa mtaa hana uwezo wa kukubebea friji kwa sababu unadaiwa, wala mkopeshaji. Kitu pekee kinachofanana na unachokiogopa ni kifungo cha madai. Mdai akishashinda kesi anaweza kuomba uwekwe ndani, hadi miezi sita, na chakula chako huko analipia yeye. Mahakama inataka kwanza kuona kwamba uwezo wa kulipa unao na unakataa. Hakuna aliyekushitaki mpaka leo. Usiwe unakimbia kesi ambayo haijafunguliwa.

Nije kwa mama wa kausha damu, maana hapa damu yangu mimi ndiyo iliyochemka.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka kila anayekopesha kama biashara awe na leseni, awe kampuni, awe mtu mmoja mwenye daftari. Na wenye leseni wa daraja lake wamewekewa na Benki Kuu ukomo wa riba: asilimia 3.5 kwa mwezi. Wewe unalipa asilimia 20. Piga hesabu na mimi. Asilimia 3.5 ya milioni 1.5 ni 52,500. Kwa miezi saba ni 367,500. Ongeza mtaji wake, inakuwa 1,867,500. Wewe umeshampa 2,100,000. Kwa kiwango cha juu kabisa anachoruhusiwa mwenye leseni, ungekuwa umemaliza deni na kumzidishia 232,500.

Kwa hiyo mwezi huu usipeleke 300,000. Kesho asubuhi ingia tawini na kitambulisho chako, waambie kadi haiko mikononi mwako, waifunge na kukupa nyingine yenye namba ya siri mpya. Usimwombe yule mama kadi, utaanzisha vita bure. Kisha mwende kwake wawili, wewe na mtu mzima anayeheshimika, mumwombe nakala ya mkataba na leseni. Akiwa hana leseni, atakuwa na haraka ya kuelewana kuliko wewe. Usiende na matusi. Alikupa pesa siku uliyokuwa na shida, hilo nalo ni kweli.

Wa kwenye simu: Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya programu 69 zinazokopesha bila leseni. Tafuta kama zako zimo. Ziwemo zisiwemo, kuwapigia walimu wa watoto na kuwatangazia deni lako ni kuchezea taarifa zako binafsi, na tangu 2022 kuna sheria ya kulinda taarifa hizo. Piga picha kila ujumbe, uhifadhi, ulalamike. Halafu zizime kelele zao kichwani, kwa sababu 380,000 si ndiyo inayouza nyumba.

Kinachouza nyumba ni yale marejesho matatu. Benki ina wajibu wa kukupa notisi ya siku 60 kabla haijachukua hatua ya kuuza, na hukuniambia umeipata, maana yake bado una nafasi ya kukaa mezani. Nenda kwa afisa mikopo wako kabla hajakufuata. Peleka barua, si maneno: nini kilitokea, risiti ya fundi wa Ruaha Mbuyuni kama unayo, na pendekezo la kurefusha muda ili rejesho lishuke. Benki haifurahii mnada. Ina kazi ya kuuza nyumba ambayo majirani wote wa Uyole wanajua ni ya nani na hakuna anayetaka kuinunua. Na kama hesabu ikigoma kabisa, omba ruhusa uuze mwenyewe, kwa bei yako, kabla ya nyundo ya dalali.

Pesa ya kuanzia itoke wapi? Kiwanja cha Igawilo. Najua kinauma. Kuna jirani yeyote aliyewahi kukitamani? Tuseme kimepata milioni 5. Mimi ningepeleka 1,900,000 benki, marejesho mawili, siku ileile ya kuomba urefusho. 1,550,000 kwa wakulima, nusu ya deni lao, tena uende Njombe mwenyewe ukawape mkononi, usitume. 1,200,000 kwenye kikundi. Zinabaki 350,000. Hizo si za mtu, ni za gunia chache za viazi utakazowauzia wakaanga chipsi wa Mwanjelwa, pesa mkononi, hakuna Fuso, hakuna Mabibo, mpaka mwaka uishe. (Ungekuwa kweli unaelekea ufilisi, hata kuchagua hivi nani alipwe kwanza kungehojiwa. Ndiyo sababu nyingine ya kuamua njia moja na kuifuata.)

Wakulima nimewaweka mbele ya wa simu makusudi. Hawa ndio benki yako ya kwanza. Mtu aliyekupa viazi vya milioni kwa neno tu, kesho ukimrudia na nusu na tarehe ya nusu nyingine, atakupa tena. Hakuna ofisi itakayokuamini haraka kiasi hicho.

Kwenye kikundi nitakusimulia langu. Binti wa mama yangu mdogo nilimdhamini, Iringa, miaka mingi imepita. Akaenda Tunduma "wiki moja". Nililipa 50,000 kila mwezi, miezi kumi na minne. Jumapili ya kwanza nilipanga kuwaambia mwisho wa kikao kwamba hajarudi. Washika funguo watatu wakafungua sanduku, kila mmoja kufuli lake, vitabu vikagawiwa, mihuri ya hisa ikaanza kugongwa tap, tap, tap, na mimi koo limekauka. Nilipoinua mkono, mwenyekiti akasema, "Tulikuwa tunakusubiri." Walijua wiki tatu nzima. Wewe pia wanajua, mdogo wangu. Sema kabla sanduku halijafunguliwa, ili usikae saa mbili ukihesabu pumzi.

Kukopesheka tena: benki zote hupeleka taarifa za wakopaji wao kwenye ofisi za taarifa za mikopo zenye leseni ya Benki Kuu, kama Creditinfo, na huangalia huko kabla ya kumpa mtu senti. Rejesho lililochelewa linaonekana. Deni lililochelewa kisha likamalizwa nalo linaonekana, na afisa mikopo anayejua kazi yake anatofautisha hayo mawili. Ukimaliza deni lolote, dai barua ya kumaliza, na ukishamaliza la benki hakikisha rehani imeondolewa kwenye hati. Baada ya miezi kadhaa omba ripoti yako mwenyewe, una haki hiyo, na ukikuta deni ulilolipa bado linasoma, lipinge kwa maandishi na ile barua. Wakati huo pitisha mauzo yako kwenye akaunti, hata yakiwa madogo. Mkopo wa kwanza wa kurudi nao uwe mdogo kuliko unaoweza kuulipa, wa kikundi, au ule usio na riba wa halmashauri kutoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ambapo wanawake wametengewa 4. Ila si mwaka huu. Mwaka huu usikope kwa mtu yeyote, hata kwangu.

Yote haya yana mlango mmoja, na mwenye ufunguo ni Baba watoto. Nyumba ile alisaini. Mwambie leo, watoto wakishalala, na hiyo karatasi yenye 25,380,000 iwe mezani, pamoja na la kausha damu. Atakasirika, na kwa hilo moja ana haki. Mpe siku mbili. Ijumaa mwende benki wawili.

Na ukiupata ule mkataba wa yule mama, niandikie umeandikwa riba kiasi gani. Nina wasiwasi haujaandikwa kitu.